Kuzidiwa Si Kushindwa: Habari ya Mchezo Mmoja wa Sataranji

Katika nchi ya Shinyanga, na kule Geita kwenye machimbo ya dhahabu, ni shida kumpata mtu asiyejua bao. Wasukuma huliita isolo, na watu waliotoka mbali kutafuta kazi migodini walikuja na namna zao za kulicheza. Ingawa sheria zatofautiana, watazamaji ni wale wale kila mahali. Mchezaji mmoja akila kete nyingi kwa mkupuo, watu hupiga kelele na kusema kwamba mwenzake amekwisha. Lakini mchezaji hodari hashtuki. Huyatazama mashimo yake kimya, akahesabu, akatafuta kete ambazo hazijafanya kazi bado. Mara nyingi yeye ndiye acheka mwisho.

Neno hilo, kwamba kuzidiwa si kushindwa, ndilo kusudi la mazungumzo haya. Nitalieleza kwa habari ya mchezo mmoja mashuhuri, usiochezwa kwa mashimo, bali juu ya ubao wa sataranji. Ulichezwa katika mashindano mjini New York, Marekani, tarehe 23 Oktoba 1918. Wachezaji walikuwa wawili, wote hodari, na mmoja wao alikuja na mtego aliokuwa ameuandaa nyumbani.

SATARANJI NI MCHEZO GANI

Asili ya sataranji ni Bara Hindi, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Huko uliitwa chaturanga, maana yake viungo vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, farasi, na askari wa miguu. Ukaenda Uajemi, kisha Waarabu wakaupokea wakauita shatranji, na kwao sisi tukapata jina la sataranji. Ulipofika Ulaya baadhi ya vipande vilibadilishwa majina. Aliyekuwa waziri akawa malkia, na aliyekuwa tembo Waingereza wakamwita askofu. Mwisho wa karne ya 15 malkia akaongezewa nguvu, na tangu hapo mchezo ukawa mkali kama tuujuavyo.

Ubao wake ni wa mraba, una vyumba 64, vinane kwa vinane. Mchezaji wa bao ataikumbuka hesabu hiyo upesi, kwa kuwa bao la Kiswahili lina kete 64 katika mashimo yake 32. Walakini kuna tofauti kubwa mbili. Katika bao kete zote ni sawa. Katika sataranji kila kipande kina mwendo wake. Tena katika bao kete zilizoliwa huingia upande wa mlaji, zikamtumikia yeye. Katika sataranji kilicholiwa hutoka ubaoni, hakirudi tena. Kwa hiyo jeshi hupungua kila saa, na anayetoa kipande bure hujipunguzia nguvu.

Kila mchezaji ana vipande 16. Mfalme ni mmoja, naye huenda hatua moja tu. Malkia ni mmoja, huenda mbali kila upande, wima, ulalo na mshazari. Ngome ni mbili, huenda wima na ulalo. Maaskofu ni wawili, huenda mshazari. Farasi ni wawili, huruka vyumba viwili na kimoja cha kando, nao peke yao waweza kuruka juu ya wengine. Askari ni wanane, huenda mbele hatua moja moja, ila katika mwendo wao wa kwanza waweza kwenda mbili. Hula kwa mshazari, wala hawarudi nyuma kamwe. Askari akifika mwisho wa ubao hupandishwa cheo, akawa malkia.

Mtu hashindi kwa kula vipande vingi. Hushinda kwa kumfunga mfalme wa mwenziwe, yaani kumtishia hata asipate pa kukimbilia. Hata hivyo wachezaji hutumia mizani kukadiria nguvu: askari huhesabiwa 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, na malkia 9. Tutaitumia mizani hii baadaye.

Ili tuweze kufuatana, safu za wima hupewa herufi a mpaka h, kuanzia mkono wa kushoto wa mwenye vipande vyeupe. Na safu za ulalo hupewa namba 1 mpaka 8, kuanzia upande wake. Basi chumba cha e4 ni safu ya e, namba ya 4. Mwanafunzi mwenye kipande cha karatasi ngumu aweza kuchora ubao huu, akatumia mbegu na vijiti, akaufuata mchezo wote.

WACHEZAJI WAWILI

Mwenye vipande vyeupe alikuwa José Raúl Capablanca. Alizaliwa Havana, katika kisiwa cha Cuba, mwaka 1888. Husimuliwa kwamba aliujua mchezo akiwa na umri wa miaka minne, kwa kumtazama baba yake akicheza tu. Mchezo wake ulikuwa mwepesi na safi, kama maji yaendayo katika mfereji.

Mwenye vipande vyeusi alikuwa Frank James Marshall, mzaliwa wa New York, mwaka 1877. Alikuwa bingwa wa Marekani tangu 1909 hata 1936. Marshall alipenda vita. Alitoa vipande vyake sadaka bila huruma ili apate njia ya kumfikia mfalme, na mitego yake ilijulikana kila mahali. Wawili hawa walikuwa wamepambana mwaka 1909, na Capablanca, aliyekuwa bado kijana, alimshinda vibaya: alishinda michezo minane, akashindwa mmoja, na michezo 14 wakatoka sare.

Kwa hiyo walipoketi tena mwaka 1918, Marshall alikuwa na deni moyoni. Watu husimulia kwamba aliuficha mtego wake karibu miaka kumi, akimngojea Capablanca tu. Wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba hadithi hiyo haina ushahidi wa kutosha. Lakini jambo moja halina shaka: mtego alikuwa nao, na njia zake alikuwa amezipitia kabla.

Mtu asidhani kwamba huu ni udanganyifu. Katika mashindano kila mchezaji ana ruhusa kujiandaa apendavyo. Mkulima atayarishaye shamba lake kabla ya mvua hamwibii jirani yake. Shida ni ya yule ajaye bila kujua: lazima ayajibu papo hapo mambo ambayo mwenziwe ameyafikiri kwa siku nyingi, na huku saa iko mezani inahesabu muda wake.

MTEGO WAFUNGULIWA

Mwanzo ulikuwa wa desturi. Capablanca alifuata njia inayoitwa kwa jina la Ruy López, padre wa Kihispania aliyeandika kitabu cha sataranji mwaka 1561. Askari wa kati wakakutana, cheupe e4 na cheusi e5, farasi wakatoka, askofu mweupe akatoka, akarudishwa nyuma mpaka b3, na kutoka hapo akawa anatazama f7, karibu na mfalme mweusi. Wafalme wote wawili walikwisha jificha pembeni, kila mmoja nyuma ya askari wake watatu.

Katika zamu ya 8 Capablanca alimsogeza askari c3. Desturi ilikuwa Mweusi ampeleke askari wake d6, hatua moja tu, kumlinda mwenziwe wa e5. Marshall hakufanya hivyo. Alimpeleka hatua mbili, mpaka d5, akamwacha wa e5 bila ulinzi wa kutosha. Huo ulikuwa mtego, na askari yule alikuwa chambo.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mchezaji hodari. Capablanca alijua anacheza na nani. Alijua kwamba Marshall hampi mtu kitu bure. Angeweza kukikataa kile chambo, akacheza kwa usalama. Baadaye aliandika kwamba alitambua kuwa shambulio kali litamjia, na kwamba njia zake zote mwenziwe amezizoea. Lakini hamu ya vita ikamwamka, akaona ni juu yake kuijibu changamoto ile. Akala. Askari mweupe akala d5, farasi mweusi akamla. Farasi mweupe akala e5, farasi wa pili mweusi akamla. Na ngome nyeupe ikamla huyo, ikasimama e5. Mwisho wa mabadilishano hayo Mweupe alikuwa mbele kwa askari mmoja.

Sasa tazameni bei yake. Farasi mweupe aliyemlinda mfalme amekwisha toka ubaoni. Upande wa kushoto, ngome ya a1, farasi wa b1 na askofu wa c1 wamelala mahali walipozaliwa, hawajaenda hata hatua moja. Kwa hiyo Mweupe alikuwa na mali zaidi, lakini watu wake hawakuwapo mahali pa vita. Marshall alikuwa na mali pungufu, na watu wake walikuwa tayari kumwendea mfalme.

SHAMBULIO

Farasi mweusi akarudi f6. Ngome nyeupe ikarudi e1, na askofu mweusi akakaa d6, akimtazama h2 mlangoni pa mfalme. Capablanca akamsogeza askari h3, ili farasi asije g4. Marshall akamleta g4 vivyo hivyo! Kama yule askari angemla, mlango ungefunguka na malkia mweusi angeingia h4 kwa nguvu nyingi. Capablanca hakumla. Alimleta malkia wake f3, mahali pa kulinda nyumba na kutishia pia.

Malkia mweusi akaja h4. Capablanca akamsogeza askari wake d4. Kwa mtu asiyejua mchezo, huo ni mwendo mdogo usio na maana wakati nyumba inaungua. Kumbe ndio mwendo uliomfungulia njia askofu aliyelala c1. Tutaona faida yake karibuni.

Marshall akaendelea. Farasi wake akala askari wa f2, ubavuni mwa mfalme. Kumla farasi huyo kwa malkia kungekuwa hatari: askofu mweusi angemfukuza mfalme kwa kuingia h2, kisha angerudi g3 kumwandama malkia, na nyumba ingeanza kubomoka. Capablanca akaisogeza ngome yake e2, hatua moja tu. Hapo Marshall akamtoa sadaka askofu wake wa pili, akamweka g4 mbele ya malkia mweupe. Askari wa h3 akamla. Askofu mwingine akaingia h2, mfalme akakimbilia f1. Askofu akarudi g3.

Msomaji asimame hapa kidogo autazame ubao. Mweusi anataka kumshusha malkia h1, na mfalme hatakuwa na pa kwenda: chumba cha e2 kimekaliwa na ngome yake mwenyewe, na f2 kina farasi mwenye ulinzi. Mchezo ungekwisha. Jibu lilikuwa moja. Ngome nyeupe ikala farasi f2, na kwa kufanya hivyo ikaachia e2. Malkia akashuka h1, mfalme akatoka e2, na askofu mweusi akala ngome. Capablanca alikuwa ametoa ngome kwa farasi, ili mfalme apate mlango.

MFALME AHAMA

Ikafika zamu ya 21. Askofu mweusi alikuwa f2, karibu kabisa na mfalme mweupe, kama mtu anayejitoa aliwe. Mtu mwenye haraka angemla. Lakini kama mfalme angemla, malkia mweusi angepita safu ya kwanza na kumla askofu wa c1. Capablanca alisogeza askofu huyo d2. Ndipo faida ya ule mwendo mdogo wa d4 ikaonekana: askofu alikuwa na njia ya kutoka, na alipotoka, mfalme naye akapata njia ya kuhamia upande wa kushoto.

Askofu mweusi akarudi h4. Capablanca akamleta malkia wake h3, akimwambia Marshall, kana kwamba kwa maneno, “Tubadilishane malkia.” Marshall hakuweza kukubali, maana bila malkia hana shambulio. Akaleta ngome yake e8, akimtishia mfalme. Mfalme akaenda d3. Malkia akatishia kutoka f1. Mfalme akaenda c2. Hapo alikuwa salama. Mfalme aliyeanza g1, akapita f1, e2 na d3 katikati ya moto, alifika kwa wale waliolala, nao wakawa ukuta wake.

Sasa tutoe mizani yetu. Mweupe ana malkia, ngome moja, maaskofu wawili, farasi mmoja na askari sita: jumla 29. Mweusi ana malkia, ngome mbili, askofu mmoja na askari sita: jumla 28. Baada ya kelele zote zile, tofauti ni moja tu. Mtazamaji wa kando angesema kwamba mchezo ni sawa. Lakini mchezaji hodari haulizi hesabu peke yake. Huuliza pia nani bado ana nguvu ambayo haijatumika. Karibu kila alichokuwa nacho Marshall alikuwa amekwisha kukitupa vitani. Capablanca alikuwa na ngome na farasi ambao hawajasogea hata mara moja.

WALIOLALA WAAMKA

Kuanzia hapo mambo yaligeuka. Askofu mweupe akaketi d5, katikati ya ubao, akitazama pande zote. Katika zamu ya 28 na ya 29 askari wa b na wa a wakasonga mbele, b4 na a4, upande ule ule alipokimbilia mfalme. Njia ya safu ya a ikafunguka. Katika zamu ya 31 ngome ya a1, iliyokuwa imelala tangu mwanzo, ikaenda moja kwa moja mpaka a6. Katika zamu ya 32 farasi wa b1 akaamka naye, akala askari c3. Huo ulikuwa mwendo wake wa kwanza katika mchezo wote, na Marshall alilazimika kumwondoa kwa kumtoa askofu wake.

Askari mweupe wa b akaenda b6, kisha b7, akabakiwa na hatua moja tu awe malkia. Marshall akaleta ngome yake e3, akimtishia malkia mweupe. Ilikuwa pigo la mwisho la mpiganaji. Capablanca hakumwondoa malkia. Katika zamu ya 36 askofu wake akala askari wa f7 na kumtishia mfalme mweusi. Kama ngome ingemla askofu huyo, askari angefika b8 na kuwa malkia, naye angemtishia mfalme; na mfalme akikimbilia h7, ngome ya a6 ingekula h6, na kifungo kingefuata kwa zamu chache. Marshall aliyaona hayo yote. Akakubali kushindwa.

Capablanca alimaliza mashindano hayo akiwa wa kwanza. Mwaka 1921 alimshinda Emanuel Lasker huko Havana, akawa bingwa wa ulimwengu, hata mwaka 1927 alipovuliwa ubingwa na Alexander Alekhine.

MAFUNDISHO MATATU

Kwa nini tumechukua muda kuueleza mchezo mmoja wa zamani? Kwa sababu mambo matatu ndani yake yamfaa kila mtu aketiye mbele ya bao, na yeyote apatwaye na taabu ya ghafula.

La kwanza: ukipewa kitu, hesabu bei yake kabla ya kukipokea. Capablanca hakukikataa chambo kwa hofu, wala hakukila kwa tamaa. Alijua kwamba atalipa kwa taabu ya zamu nyingi, akakubali kulipa. Tofauti ya mjinga na mwenye akili si kwamba mmoja hula na mwingine hali. Ni kwamba mwenye akili ajua deni lake.

La pili: unaposhambuliwa, usifanye mwendo wa hasira. Wachimbaji wadogo wa Geita wanajua jambo hili vema kuliko wachezaji wengi. Duara likianza kudondosha udongo, mchimbaji mzoefu haendelei kupiga mwamba kwa kuwa ameona mkanda wa dhahabu. Huacha, akaweka matimba, akaimarisha paa, ndipo arudi kazini. Askari wa d4, ngome ya e2, askofu wa d2: hayo yalikuwa matimba ya Capablanca. Hakuna hata mmoja uliompa mali. Kila mmoja ulizuia paa lisianguke.

La tatu, nalo ndilo kubwa: tafuta walio wako wasiofanya kazi. Mtu akizidiwa hutazama yale tu yanayomtisha, akasahau alichonacho. Mchezaji wa bao hushindwa hali kete zake zimejaa safu ya nyuma, kwa sababu macho yake yamekaa kwenye shimo lililoliwa. Capablanca hakuwasahau wale watatu wa kushoto. Kwanza akawafanya ukuta wa kumficha mfalme, kisha akawafanya jeshi la kushinda.

HESHIMA YA ALIYESHINDWA

Limebaki neno moja, nalo ni la haki. Msomaji aweza kudhani kwamba mtego wa Marshall ulikuwa upuuzi kwa kuwa ulishindwa. Sivyo. Wachezaji waliokuja baadaye waliuchunguza, wakaona kwamba wazo lilikuwa jema, ila mwendo mmoja wahitaji kutengenezwa: katika zamu ya 11, badala ya farasi kurudi f6, askari huenda c6 kumlinda mahali alipo. Marshall mwenyewe aliitumia njia hiyo baadaye. Mwaka 1965 Boris Spassky aliutumia mtego huo dhidi ya Mikhail Tal, aliyekuwa bingwa wa ulimwengu zamani, na Tal hakuweza kuuvunja. Hata leo mabingwa wengi wenye vipande vyeupe huchagua njia nyingine mapema ili wasikutane nao.

Na waitwaje? Huitwa Shambulio la Marshall. Mchezo aliushinda Capablanca, lakini jina lililobaki katika vitabu ni la aliyeshindwa. Kama Marshall angeogopa kuaibika mbele ya watu, angelificha wazo lake mpaka kufa, na sataranji ingekuwa maskini zaidi.

Pia mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya New York na Havana tu, hayatuhusu. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha. Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, alifundishwa sataranji na mwalimu Robert Katende, na mwaka 2010 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, nchini Urusi. Akili haina mtaa wake. Na mtoto wa Kahama au wa Geita aliyezoea kuhesabu mapema mwendo wa kete ndani ya bao, kabla mkono haujagusa shimo, amekwisha jifunza kazi iliyo ngumu kuliko zote katika sataranji, yaani kuona kwa akili jambo ambalo halijatokea.

Basi, wasomaji wapenzi, chukueni karatasi, choreni vyumba 64, mkauchezeshe mchezo huu tena, mmoja upande wa Capablanca na mwenzake upande wa Marshall. Mkifika zamu ya 18, askofu mweusi atakapotua g3, simameni, mfunike kitabu, mkaulizane: ni mwendo upi utakaomwokoa mfalme? Aliyeupata kwa akili yake mwenyewe amefaidi zaidi kuliko aliyeusoma. Na yule atakayekosa asione haya, kwani wahenga walikwisha sema: asiyekubali kushindwa si mshindani.